Prezida wa Viwanja Alivyosafisha Kompyuta Yetu

Aliyeiua kompyuta yetu ni prezida wa kamati ya viwanja. Nalisema mwanzoni kabisa ili msomaji asihangaike kumtafuta. Jina lake siliandiki, lakini yeyote aliyekaa upande wetu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, miaka ile atamjua: mwanamume mrefu, koti la suti juu ya ndala, na sauti ya mtu anayehutubia hata akiwa anaomba chumvi.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, halafu darasa likaungua. Kwa hiyo mambo ya kompyuta siyaelezi kama mtaalamu. Nayaeleza kama mtu aliyetendwa.

Mashine yenyewe ilitufikia hivi. Wageni fulani walikuwa wanafunga mradi wao, wakagawa vitu vilivyobaki: viti kwa shule, turubai kwa kanisa, na kompyuta moja kwa chama chetu cha wakulima, ambacho kilikuwa kimeomba majembe. Ikawekwa kwangu kwa sababu nyumba yangu ilikuwa na mabati na mlango unaofungika, na kwa sababu, walisema, mimi ni mama mkali. Jambo hilo lilipigiwa kura likapita bila mpinzani. Jirani mwenye jenereta alituvutia waya kila Jumamosi na Jumatatu. Kazi ya kuandika akapewa mwenzangu mmoja ambaye kule kwetu Kivu ya Kusini aliwahi kuwa karani wa ofisi. Tulimwita Mama Sekretere. Alikuwa amejifunzia zile mashine za zamani za kupiga kwa nguvu, kwa hiyo na kompyuta aliipiga vilevile, kama mtu anayetwanga sombe, yale majani ya muhogo.

Sasa niseme kilichokuwa ndani, maana ndicho kilichonitoa roho.

Ofisi ya kambi ilikuwa imeniita kuhojiwa juu ya dosie yangu, lile faili langu la ukimbizi. Afisa akanikalisha vizuri, akaniuliza: ilikuwaje siku ile kwenu? Nami, ambaye sokoni nikifungua mdomo watu wanahamisha meza, nikakaa mbele yake kama gunia. Hakuna machozi, hakuna neno. Mdomo ulijifunga wenyewe kama mlango wenye komeo kwa ndani. Afisa akangoja, akanipa maji, mwisho akasema niende nikayaandike yote, na majina ya waliotenda, niyalete Alhamisi atakayonipangia. Nisipoleta kitu siku hiyo, dosie itawekwa pembeni. Na ya pembeni tunaijua. Kuna watu wamezeekea pembeni.

Basi kwa majuma matatu nikawa nakaa nyuma ya Mama Sekretere, nikitazama ukuta, nasema polepole, yeye anapiga. Zikatoka karatasi kumi na moja, yaani zilikuwa kumi na moja humo ndani, bado hazijawa karatasi. Humo walikuwamo wanaume watano, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake. Mmoja wao alikula kwenye harusi yangu, akarudia nyama. Tulipomaliza, Mama Sekretere alitoka nje akanawa uso, akarudi akaniambia:

"Mama, hii nimeisikia mara moja. Ya pili usiniite."

Hata mimi ya pili sikuwa nayo. Niliyoyatoa yalitoka, yakaisha. Kwa hiyo maneno yangu yalikuwa fasi moja tu duniani, ndani ya sanduku lile la rangi ya uji, na mpango ulikuwa kwenda mjini Mbarara kuyachapisha juma la ile Alhamisi.

Jumamosi iliyotangulia nilikwenda na unga wangu wa muhogo soko la Rugaaga. Huku nyuma Prezida akamkuta Mama Sekretere nyumbani kwangu, akaingia na sidii mkononi. Ilikuwa filamu ya siku kamati yake ilipopewa cheti na wakubwa, saa tano za hotuba, na yeye humo anaonekana. Alitaka ihifadhiwe kwa ajili ya vizazi. Yaliyofuata niliyasikia baadaye kwa Mama Sekretere, na tena kwa Prezida mwenyewe, kwa sababu hakuona aibu yoyote.

Mashine ilimkatalia. Ikaandika kwamba haina nafasi.

"Fasi hakuna?" akauliza Prezida.

"Imejaa, Papa Prezida."

"Imejaa na nani?"

Hapo ndipo mumwelewe. Kwetu kambini kulikuwa na sheria: kiwanja kisipolimwa misimu miwili, kamati inakichukua na kumpa mwingine. Yeye ndiye aliyekuwa akizunguka na daftari, akitazama magugu, akihukumu. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka hata akawa hawezi kutazama kitu chochote bila kuuliza mwenyewe yuko wapi. Akavuta kiti.

"Unionyeshe kila moja ililimwa mara ya mwisho lini."

Mama Sekretere akamwonyesha. Kompyuta ina orodha ya vitu vyote vilivyomo, na pembeni ya kila kimoja kuna tarehe.

"Hii?"

"Ya zamani sana, papa. Hii ilikuwa humu mbele hata hatujaipata mashine."

"Mwenyewe ni nani?"

"Sijue. Jina yake ni herufi na namba tu."

"Haina jina ya mutu, haina mulimaji, haina hata choo. Toa."

Akaitoa. Mashine ikauliza kama wana hakika.

"Inauliza kama tuko na hakika, papa."

"Inaniuliza mimi?" Prezida akakunja mikono ya koti. "Jibu ndiyo. Na kila mara itauliza, ujibu ndiyo. Ukionyesha woga, banakuzoea."

Wakaendelea hivyo mpaka jua likageuka, Prezida akishika kipanya mwenyewe kila Mama Sekretere alipochoka. Nyingine zikakataa kutoka.

"Hii inagoma. Inasema iko mu kazi."

"Bote banasemaka vile! Siku ya kubatoa, kila mutu anashika jembe. Piga tena."

Zilizogoma kabisa wakaziacha, wakazipa onyo. Zilizotoka zilikuwa nyingi, lakini nafasi haikuongezeka, kwa sababu mashine ilikuwa imezitupa kwenye kikapu chake yenyewe.

"Mu kitunga bado biko mu nyumba," akasema Prezida, ambaye katika kuhamisha watu alikuwa profesa. "Mwaga."

Wakamwaga. Filamu ikaingia. Na kilichomdanganya, hata mimi kingenidanganya, ni kwamba mashine haikufa palepale. Ilionyesha filamu bila neno. Prezida akairudia mara tatu pale anapoonekana, yaani bega lake la kushoto, halafu akaenda zake akiwa na amani.

Jumatatu asubuhi jirani akawasha jenereta, nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Juu kabisa kikaandikwa mstari mmoja mweupe. Mama Sekretere akausoma, akausoma tena, akasema kwamba kuna kitu mashine inakitafuta, haikioni, na bila hicho haiamki. Ya Jumamosi hakuyataja; filamu ilikuwa imecheza vizuri, hakudhani yana uhusiano.

Nilisimama nimeshika kiti. Alhamisi ilikuwa siku tatu mbele.

Kutafuta mkosaji ni kazi niliyoizoea, sikuchelewa. Wa kwanza alikuwa jirani wa jenereta. Nilimfuata mpaka uani kwake nikamwambia umeme wake mbovu umenichomea maneno. Akanijibu, "Mama, umeme wangu unachoma balbu. Maneno haujapata kuchoma." Wa pili alikuwa paka, ambaye hulala juu ya ile kompyuta kwa sababu ya joto. Nilimfukuza kwa ufagio, akaenda kwa jirani, wakawa wawili wa kunisema. Wa tatu sitanii nikimtaja. Nilimfikiria mtu mmoja wa kambini ambaye ni ndugu wa mmoja wa wale watano. Nikajiambia, wamejua. Wamekuja nyumbani kwangu mara ya pili. Nikakaa kizingitini na panga la kukatia muhogo, mchana kweupe, nikimwangalia kila apitaye. Mchuuzi wa nyanya aligeuza njia.

Aliyefika akawa Prezida, akitembea kama mtu aendaye kumsalimia mkwewe.

"Mama, washa kidogo nijione."

"Imekufa."

"Haiwezi kufa. Jumamosi nimeisafisha."

"Umefanya nini?"

"Nimeisafisha! Ilikuwa imejaa bitu bya batu bashakwenda. Hata haunipe asante."

Panga niliweka chini mwenyewe, nashuhudia mbele ya Mungu. Lakini maneno sikuyaweka. Nilimwambia mambo ya ukoo wake mpaka kizazi ambacho hata yeye alikuwa hakijui. Mama Sekretere akaja mbio, akanishika mkono, halafu akamwambia Prezida kwa upole mkubwa kilichokuwa humo ndani, chenye kurasa kumi na moja. Prezida akavua kofia. Akakaa chini, palepale kwenye vumbi, na koti lake.

"Mimi sikujua," akasema. Ndilo neno fupi kupita yote niliyowahi kumsikia akisema.

Jumanne alfajiri tulipanda lori la matoke kwenda Mbarara, mimi na yeye. Kwa kuwa hatukujua maneno yanakaa sehemu gani ya kompyuta, tulibeba zote: sanduku, kioo, kibodi, na hata kipanya, ambacho Prezida alikishika mkononi njia nzima kama kifaranga. Dereva akakubali sanduku likae mbele kwenye kiti. Sisi tulikaa nyuma juu ya ndizi. Pale Masha tulisimama kupisha ng'ombe, wale wa pembe ndefu, wakatutazama kwa zamu.

Huko Mbarara, karibu na lango la kambi ya jeshi, kulikuwa na kibanda cha kutengeneza mashine na kuchapisha. Mwenyewe alikuwa mke wa koplo. Koplo naye siku hiyo hakuwa na zamu, akawa amekaa pale kwa fulana, anamenya karanga na kumfundisha mkewe kazi asiyoijua yeye mwenyewe. Tukamtajia yule mama barua yangu na filamu ya Prezida, akaichomeka mashine yetu, akaona ule mstari mweupe.

"Nani nafuta hii?"

"Nimesafisha," akasema Prezida, sauti imeshuka.

"Ssebo, bwana, wewe nafukuza mwenye nyumba. Nabakisha wageni."

Nikamwuliza kama maneno yangu yamekufa. Akaniangalia usoni, akaacha kucheka.

"Nyabo, mama, ngoja. Hapa iko vitu tatu. Iko chuma. Chuma mzima. Iko barua yako na picha ya huyu mzee. Na katikati iko sistemu. Sistemu ndiyo nakufa."

"Sistemu ni kama kamanda," akasema koplo. "Natoa oda, wote natii."

"Kamanda gani? Kamanda nakula, nalala. Sistemu ni mimi."

Koplo akaacha kumenya.

"Sikia, nyabo," akasema yule mama, huku bisibisi imeshaanza kuzunguka. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kambi ya jeshi, nami nakiweka hapa kwa changu. Yeye na koplo walikuwa na chumba kimoja. Watoto watano, kitanda kimoja, sigiri moja, sufuria mbili, redio moja. Nani anatumia sigiri sasa na nani angoje, anajua yeye. Viatu vya huyu viko chini ya nini, chumvi iko kwenye kopo gani lililoandikwa majani ya chai, anajua yeye. Mtoto asiingize mkono kwenye sahani ya mwenzake, anazuia yeye. Jirani wa chumba cha pili haelewi lugha yao, basi wakitaka kuazima ungo anayekwenda kusema naye ni yeye. Hivyo ndivyo sistemu inavyofanya kati ya kile chuma na kila kazi unayoifungua. Ile ya kuandika barua haijui kusema na printa wala haijui sahani yake iko wapi. Inaiomba sistemu, na sistemu inatafuta, inagawa, inapanga foleni, inaamua ugomvi. Wala hakuna anayeiona. Watu wanaona chakula kimefika.

"Sasa mimi nilikwenda matanga kwetu siku tatu," akasema. "Huyu alibaki. Nyumba nzima ilikuwa kamili, hata kijiko moja hakipotei. Ulikula nini, wewe?"

"Karanga," akasema koplo.

"Siku tatu! Na unga iko, na maharage iko, na chumvi iko kwa rafu, juu ya kichwa yake. Hakuna mtu najua iko wapi."

Nikauliza kwa nini basi Jumamosi ile iliendelea kufanya kazi baada ya kusafishwa. Akasema kwamba mashine ikiwashwa asubuhi, sistemu inapanda kichwani mwa mashine na kukaa humo mchana kutwa. Prezida alikuwa ameifuta sistemu kwenye makazi yake, lakini yenyewe ilikuwa bado jikoni.

"Ni kama bibi unamupa talaka saa nne," akasema koplo, "lakini anamaliza kupika mchana."

"Wewe jaribu," akasema mkewe.

Akatoa kutoka ndani ya sanduku letu kipande cha chuma kama kitabu kidogo cha sala. Akasema maneno yote yanakaa humo, na kwa kuwa mwenye nyumba wetu hayupo, atakiunganisha kwenye mashine yake, mwenye nyumba wake atuingilie ndani na taa. Halafu akamgeukia Prezida.

"Na barua? Uligusa barua?"

Prezida akatazama kipanya mkononi mwake.

"Sikumbuke."

"Hukumbuki vipi?" nikamwuliza.

"Mama, mutu akishaanza kuhamisha batu, mukono unaendelea wenyewe."

Nikatafuta pa kukaa, nikakosa, nikakaa juu ya kioo chetu. Yule mama akabonyeza. Majina yakaanza kushuka, mengine yamekatika katikati kama kijiji baada ya mvua ya mawe. Filamu ya cheti ikaonekana, nzima, imenona. Akaipita. Akashuka tena, akasimama, akauliza, "Hii? Dosie ya mama?"

Ilikuwa yangu. Kurasa kumi na moja, hakuna hata nukta iliyotoka. Nilijua sababu kabla Prezida hajaisema, lakini alikwishaanza kuisema, na kifua kikaanza kumrudi: tarehe yake ilikuwa ya juma lilelile. Ilikuwa imelimwa. Sheria yake ilikuwa imeilinda.

"Unaona?" akasema. "Kamati haikosee."

"Nyamaza," tukamwambia wote watatu.

Kuchapisha nako kulikuwa na lake. Mbele yetu wanajeshi wanne walikuwa wameleta fomu zao. Prezida akataka yetu ipite kwanza, akajitambulisha cheo chake kwa ukamilifu. Yule mama akamwambia kwamba foleni imekwisha kupangwa humo ndani na yule asiyeonekana, na huyo hana mjomba. Basi tukangoja. Zikatoka fomu za kuomba likizo, zikatoka za vipimo vya buti. Halafu ikatoka ya kwangu ya kwanza, ya moto.

Koplo ndiye aliyekuwa karibu, akaichukua ili asome kwa sauti, kama alivyosoma zile za wenzake kwa kuwatania. Akasoma mstari wa kwanza. Wa pili hakuusoma kwa sauti. Akaisoma mpaka chini kimya, akafuta mkono kwenye suruali, akaipokea ya pili bila kuitazama, na ya tatu, mpaka zote kumi na moja. Akazipanga zikalingana kingo kama anavyokunja bendera. Akanipa kwa mikono miwili.

"Pole, nyabo," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Hawa watu unawajua majina?"

"Na ya baba zao."

"Mzuri," akasema. "Wewe usiache hata moja."

Alhamisi Prezida alinisindikiza mpaka mlangoni kwa afisa, akabaki nje. Nilikaa kwenye kiti kilekile. Afisa akaniuliza swali lilelile, na mdomo ukafunga vilevile, kana kwamba ulikuwa unanisubiri pale. Nikamsukumia karatasi. Akazisoma zote huku nikihesabu mabati ya dari. Alipomaliza akasema ni sheria nithibitishe kwa sauti yangu angalau majina ya watu hao, kisha niweke sahihi.

Nikaitazama karatasi. Maandishi yalikuwa makubwa, Mama Sekretere aliyakuza kwa ajili yangu. Mimi husoma kama watoto wa darasa la nne wanavyosoma, kwa kidole, sauti inafuata kidole. Nikaweka kidole kwenye jina la kwanza. Likatoka. La pili likatoka. La yule wa harusi nililirudia mara mbili, afisa hakuniomba. Nilipofika la tano niliona kidole kimefika mwisho wa mstari na mimi bado napumua.

Nikatia sahihi kumi na moja. Afisa akatoboa karatasi zangu, akazitia kwenye faili, faili akalitia kabatini kati ya mafaili mengine mengi yaliyofanana, akafunga.

"Mwenye kabati hili ni nani?" nikamwuliza.

"Yupo mama mmoja, karani wetu. Lakini leo hayupo."

"Na yeye ndiye anayejua langu liko wapi?"

"Yeye tu," akasema, akacheka. "Bila yeye sisi hapa hatujui lolote."

"Basi mumtunze," nikamwambia. "Na akitaka kwenda matanga, muandamane naye."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Sijui kama aliandika hilo.